Barua ya wazi kwa kamati iliyochukua maandishi yetu: turudishieni miswada na majina

Manyatta, Kisumu
14 Machi 2026

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Katibu na wajumbe wote wa kamati ya kukusanya maandishi ya wananchi.

MINTARAFU: MISWADA 58 ILIYOKABIDHIWA KWENU TAREHE 31 AGOSTI 2024

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Nimekwisha kukuandikia mara tatu kabla ya leo kwa bahasha iliyofungwa, na mara zote tatu karani wenu alinigongea muhuri wa kupokea, nikarudi nyumbani kungoja. Barua ya kwanza ilikuwa ya tarehe 6 Januari 2025, ya pili ya tarehe 19 Mei 2025, na ya tatu ya tarehe 1 Desemba 2025. Nakala zenye mihuri ninazo. Majibu sina. Hii ya nne naitoa hadharani, lakini kwa kuwa bado naamini jambo hili laweza kumalizwa kwa heshima, nimeacha kwa makusudi kulitaja jina la kamati, la ofisi inayoisimamia na la afisa yeyote. Mnajijua, na waliowakabidhi kazi zao wanawajua.

Kwa msomaji ambaye hakuwapo, mambo yalianza hivi. Baada ya mafuriko ya masika ya 2024, maji yakiwa bado yamelala katika vijiji vya Nyando na ziwa likiwa limekwisha kuingia katika nyumba za ufuoni, kamati yenu ilitoa wito kwamba wananchi waandike waliyoyapitia maishani, yawe ya mafuriko au ya jambo jingine lolote, kwa hadithi, kwa shairi au kwa insha. Wito huo uliahidi mambo matatu: kwamba kazi zingechapishwa kwa majina ya walioziandika, kwamba kila mwandishi angeonyeshwa kazi yake kabla haijapelekwa kwa mpiga chapa, na kwamba miswada ya mkono ingerudishwa kwa wenyewe. Tangazo lenyewe lingali limebandikwa kwenye ubao wa ukumbi wetu, ijapokuwa pembe yake moja imeliwa na mende.

Kikundi chetu hukutana kila Jumamosi saa nane mchana katika ukumbi wa kanisa hapa Manyatta, nami nimekuwa nikikiongoza tangu nilipostaafu ualimu. Yumo mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye, yumo fundi cherehani, wamo vijana wawili wa bodaboda, na alikuwamo mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa reli, ambaye nitamrudia. Kwa Jumamosi tano mfululizo walikaa juu ya viti vya plastiki wakaandika magotini. Wasiojua kuandika walisimulia, na wasichana wawili waliomaliza kidato cha nne wakawaandikia neno kwa neno, kwa sharti moja nililoliweka mimi mwenyewe, kwamba wasimsaidie mzee kusema. Akinyamaza, wanyamaze naye. Akirudia neno mara tatu, waliandike mara tatu. Kazi hiyo ilizaa mashairi 24, hadithi 19 na insha 15, tukazipanga ndani ya boksi la karatasi za fotokopi na kuwaletea.

Mwaka huo huo watu hawa walikuwa wamejaziwa fomu nyingi. Maafisa wa tathmini walipita na madaftari yao wakahesabu nyumba zilizoanguka, mbuzi waliokufa na magunia ya mpunga yaliyooza kule Ahero, na sina neno baya juu ya kazi hiyo, kwani bila hesabu hakuna msaada unaogawiwa. Lakini fomu ina safu zake, na kisichokuwa na safu hakiandikwi. Wito wenu ulikuwa wa kwanza kuwauliza watu hawa jambo bila kuwawekea safu, na ndiyo maana waliuamini upesi hivyo, na ndiyo maana yaliyofuata yamewauma kuliko ambavyo yangewauma kutoka kwa mtu mwingine.

Malalamiko yetu ni haya yafuatayo.

1. Miswada haijarudi mikononi mwa wenyewe.

Umepita mwaka mmoja na nusu. Huenda mkaona kwamba karatasi ni karatasi, kwa hiyo nitaeleza karatasi mbili tu kati ya hizo.

Yule mama wa Kibuye hakuwa na karatasi ya kuandikia shairi lake. Aliliandika katika kurasa za nyuma za daftari lake la madeni, lenye jalada la bluu na jedwali la kuzidisha nyuma yake, kwa sababu ndilo daftari pekee lililosalimika maji yalipoingia nyumbani. Kurasa za mbele zina majina ya waliochukua omena kwa mkopo, huyu gorogoro mbili, yaani makopo mawili ya kupimia, yule gorogoro moja, na tarehe pembeni. Nilimshauri anakili shairi kwenye karatasi nyingine. Afisa wenu akamwambia, nami nikiwa nimesimama hapo hapo, kwamba asihangaike, daftari lingerudi baada ya wiki mbili. Tangu siku hiyo mama huyo anadai kwa kichwa, na wadaiwa wake, kama ilivyo ada ya wadaiwa, wana kumbukumbu fupi kuliko yake.

Mzee aliyekuwa karani wa reli aliwaachia insha ya kurasa kumi na moja. Alifariki Februari 2025, mwezi mmoja baada ya barua yangu ya kwanza. Baada ya mazishi binti yake alikuja ukumbini kuuliza kama ningeweza kumpatia zile kurasa, kwa kuwa nyumbani hawana kitu kingine kirefu kilichoandikwa kwa mkono wa baba yao; wana sahihi yake kwenye hati ya shamba na kwenye stakabadhi za karo, basi. Sikuwa na la kumjibu. Nilimwonyesha muhuri wenu.

Hatukutoa nakala za miswada kabla ya kuileta. Hilo ni kosa langu na nalikubali mbele ya kila asomaye: fotokopi ilikuwa shilingi tano kwa ukurasa, kurasa zilikuwa zaidi ya mia tatu, nami niliona kwamba ahadi iliyoandikwa kwenye tangazo ilitosha.

2. Majina ya waandishi yameondolewa.

Kijitabu chenu kilitoka Novemba 2025. Kina kurasa 32, na kazi saba kati ya zetu zimo. Majina ya wajumbe wa kamati yamepigwa chapa yote pamoja na vyeo vyao, na dibaji ina picha nne za rangi. Mahali ambapo pangekaa jina la mwandishi pameandikwa "Mwathiriwa wa mafuriko", au "Kijana wa bodaboda", au "Mama wa sokoni".

Mheshimiwa Mwenyekiti, kuna watu ambao wangependa majina yao yafichwe, na hao tungewaheshimu. Katika hao saba hakuna hata mmoja. Wote waliandika majina yao matatu juu ya ukurasa, wengine wakaongeza na jina la ukoo na la kijiji, kwa sababu mtu wa huku akijitambulisha hujitambulisha hadi kwa babu.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 haina utata juu ya jambo hili. Hakimiliki huzaliwa pale kazi inapoandikwa, bila kungoja usajili. Mwandishi ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeitunga na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa. Na hawezi kuhesabiwa kuwa ameihamishia kwa mwingine mpaka pawepo maandishi. Haki hiyo haifi na mwenyewe. Inaendelea kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake, maana yake insha ya mzee wetu ni mali ya watoto wake hadi mwisho wa mwaka 2075.

Mbali na sheria, Kiswahili chenyewe kina mfano. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikufa mwaka 1840 bila kuchapisha chochote. Mashairi yake yalikaa katika vinywa vya watu hadi mwishoni mwa karne hiyo, pale Mwalimu Sikujua alipoyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, na mmisionari Mwingereza William Taylor akayahifadhi. Kati ya wote waliopokezana kazi hiyo hakuna aliyeona haja ya kumwita Muyaka "mkazi wa Mombasa".

3. Maneno ya waandishi yamebadilishwa bila wao kuulizwa.

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo penye jeraha lenyewe.

Mama wa Kibuye hakuletewa kijitabu. Kililetwa nyumbani na mjukuu wake, kwa kuwa nakala ziligawiwa shuleni. Mtoto alifurahi kulikuta shairi la maji, akalisoma kwa sauti huku bibi akichambua omena. Alipofika mshororo wa kwanza tu bibi akamwambia, "Umekosea, soma tena." Mtoto akasoma tena. "Umekosea." Mtoto akamsogezea kijitabu na kumwonyesha kwa kidole kwamba ndivyo kilivyoandikwa. Mama huyo alisoma hadi darasa la nne. Hakujua mshororo umeharibikia wapi, lakini sikio lake lilijua kwamba umeharibika, na Jumamosi iliyofuata alikuja na kijitabu chini ya kwapa akaniuliza kama alilolileta kwenu lilikuwa na aibu gani.

Ubeti alioutunga ni huu, nami nauandika hapa kwa ruhusa yake na kutoka katika kumbukumbu yake, kwa kuwa daftari mnalo ninyi:

Maji yalipoingia, mkeka ukatembea,
Mwanangu akanambia, mama, paka apotea,
Sufuria nashikia, godoro lanielea,
Ziwa hodi latwambia, jibu halikungojea.

Hesabuni. Kila mshororo una mizani, yaani silabi, nane katika ukwapi, nusu yake ya kwanza, na nane katika utao, nusu ya pili. Kina cha kati ni -ia, cha mwisho ni -ea, na hakuna hata kimoja kilichoteleza. Mama huyu hajawahi kusikia neno "tarbia", jina la shairi lenye mishororo minne katika kila ubeti. Amesikia nyimbo, amesikia mashairi ya redioni tangu utotoni, na yakamkaa.

Sasa mshororo wa kwanza kama mlivyouchapisha: "Maji yalipoingia, mkeka ukasombwa na maji." Utao umekuwa na mizani kumi, kina kimepotea, na neno "maji" limetajwa mara mbili katika mstari mmoja. Inaelekea mhariri alifikiri kwamba mkeka hautembei. Ni kweli hautembei, na ndiyo sababu mtu aliyeamka usiku akauona ukitembea hatausahau maisha yake yote. Darasani jambo hilo tunaliita tashihisi na tunawatahini watoto juu yake. Katika mshororo wa pili paka amefutwa, na mahali pake pamewekwa "mama, tunaangamia", maneno yenye mizani ya kutosha lakini yaliyobeba kina cha ukwapi. Nyumba haikuangamia usiku ule. Kilichopotea ni paka, na mtoto alimtaja paka kwa sababu alikuwa mtoto. Fomu ya tathmini haikuwa na safu ya paka. Tulidhani shairi lingekuwa nayo.

Nami sisemi haya kama mtu asiyejua kalamu nyekundu. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka 31 na nimetayarisha wanafunzi wengi kwa ile karatasi ya insha ya mtihani wa kidato cha nne. Nimewakata alama watoto kwa maneno ambayo leo, nikiyakumbuka, naona yalikuwa ndiyo maneno pekee yaliyo hai katika ukurasa mzima, na nimewapongeza wengine kwa jua lililochomoza mashariki na ndege walioimba matawini, jua na ndege ambao wote waliwanakili ubaoni. Ugonjwa huo naujua kwa kuwa nimeuugua.

Hadithi ya kijana wa bodaboda nayo imepita katika tanuri hilo hilo. Ni hadithi ya usiku mmoja alipombeba abiria kutoka Kondele hadi Nyamasaria bila kujua kwamba abiria huyo alikuwa amebeba mwili wa mtoto wake mchanga ndani ya leso, kwa kuwa hakuwa na pesa ya gari. Mazungumzo yao njiani ni mafupi sana. Abiria anamwambia dereva, "Omera, enda pole." Nyinyi mmeandika, "Rafiki yangu, tafadhali punguza mwendo." Msomaji yeyote wa Kisumu anajua kwamba mtu aliye katika hali ile hasemi "tafadhali punguza mwendo". Anasema "omera", na katika neno hilo moja anamwomba mtu asiyemjua awe ndugu yake kwa dakika ishirini. Kisha kijana alimalizia hadithi yake kwa "Thu tinda", kama Wajaluo wanavyofunga hadithi tangu zama za siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto walilala wakisimuliwa. Alitaka, kwa maelezo yake mwenyewe, kuifunga ili isimfuate tena. Mmeikata. Hadithi yenu inaishia hewani.

Najua mtasema kwamba kijitabu ni cha Kiswahili sanifu. Usanifishaji huo ulipewa kamati yake mwaka 1930 na ukajengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, na ni kazi iliyotufaa sana sisi tulioufanya ualimu riziki. Lakini Muyaka alitunga kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, na hakuna anayethubutu kumhariri aseme Kiunguja. Aidha Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 7 inayokifanya Kiswahili lugha ya taifa, inaitaka dola katika ibara hiyo hiyo ikuze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Hayo mawili yaliandikwa pamoja, na "omera" na "Thu tinda" zingeweza kukaa ndani ya kijitabu bila kukibomoa.

4. Insha ya mzee imeachwa nje kwa sababu isiyoandikwa popote.

Kazi 51 hazikuingia katika kijitabu, na sidai kwamba zote zilistahili kuingia. Nyingine ni mbichi na wenyewe wanajua. Juu ya hii moja, hata hivyo, niliambiwa kwa mdomo, koridoni, kwamba ni "nyeti".

Insha hiyo inahusu tarehe 25 Oktoba 1969, siku Rais Jomo Kenyatta alipokuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ile ambayo wazee wa hapa wangali wanaiita Russia. Kulitokea majibizano makali baina yake na kiongozi wa upinzani, Jaramogi Oginga Odinga, mbele ya umati, vurugu zikazuka, na risasi zilizofyatuliwa zikaua raia, ambao idadi yao inabishaniwa hadi leo. Jambo hili si siri. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa rais Mei 2013, imelieleza.

Nami niliyeisoma insha yenyewe nawaambia kwamba haimlaumu mtu. Ni insha juu ya kiatu. Mzee wakati huo alikuwa mvulana wa darasa la tano, na kwa ajili ya sherehe alikuwa amevaa viatu vya kaka yake bila ruhusa. Watu walipoanza kukimbia, kiatu kimoja kilimtoka. Kurasa sita kati ya kumi na moja zinaeleza jinsi alivyojificha nyuma ya duka akiogopa kurudi nyumbani, si kwa sababu ya risasi, bali kwa sababu ya kiatu. Jinsi alivyorudi usiku akakuta nyumba nzima inalia kwa kudhani amekufa. Na jinsi kaka yake alivyomkumbatia, halafu, baada ya muda, akatazama chini miguuni pake. Sijasoma maelezo mengine ya siku ile yaliyonifanya nielewe kwamba waliokuwa barabarani walikuwa watoto. Ikiwa hiki ndicho kitu nyeti, basi naomba niandikiwe kimekuwa nyeti kwa nani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla sijafika kwenye maombi, niruhusu niyajibu mapema yale ambayo nimekwisha kuyasikia madirishani kwenu.

Nimeambiwa kwamba bajeti ilikuwa finyu. Naamini. Lakini jina la mwandishi linachukua mstari mmoja ambao tayari ulijazwa maneno mengine, na kurudisha boksi kutoka ofisini kwenu hadi Manyatta ni nauli ya bodaboda, ambayo vijana wetu wamejitolea kuisamehe.

Nimeambiwa kwamba afisa aliyepokea miswada alihamishwa. Afisa huhamishwa, ofisi hubaki, na kabati hubaki ofisini.

Nimeambiwa pia, na hili ndilo lililonishangaza, kwamba waandishi walitia sahihi. Ni kweli walitia. Ilikuwa orodha ya nauli ya siku ya makabidhiano: jina, nambari ya kitambulisho, shilingi mia mbili, sahihi. Nilikuwa wa nne katika orodha hiyo. Haikuwa na neno hata moja kuhusu hakimiliki, na kama leo ina maneno hayo juu yake, ningependa kuonyeshwa yaliongezwa lini.

Mwisho, katika barua yangu ya tatu nilitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 kuomba nielezwe miswada iko wapi. Sheria hiyo inaipa ofisi ya umma siku 21 za kutoa uamuzi. Siku hizo ziliisha tarehe 22 Desemba 2025. Nilihesabu na sikukuu ya Krismasi nikawaongezea, nikawaongezea na Januari yote.

Tunayoyaomba ni haya:

(a) Miswada yote 58 irudishwe kabla ya Ijumaa tarehe 17 Aprili 2026, ikiwa katika hali iliyopo, hata kama imelowa, imechanika au imeandikwa juu yake. Ikiwa wowote umepotea, tuandikiwe ni upi, ili mwenyewe ajaribu kuuandika upya akiwa bado anakumbuka.

(b) Nakala za kijitabu zilizobaki zisigawiwe mpaka zitakapobandikwa karatasi ya masahihisho yenye majina ya waandishi saba na maneno yao kama walivyoyaleta. Shule zilizokwisha kupokea zipelekewe karatasi hiyo. Kazi ya kuyapiga chapa masahihisho tutaifanya sisi wenyewe mkitupa miswada.

(c) Kila mmoja wa waandishi wa kazi 51 zilizosalia aulizwe kwa maandishi kama anakubali kazi yake itumike siku zijazo au hakubali, na anayekubali aonyeshwe kazi hiyo kabla ya kuchapishwa, kama tangazo lilivyoahidi. Kuhariri hatukukatai. Mhariri akikaa na mwandishi meza moja na kumwambia kwamba neno hili halieleweki Tanga au Bukoba, mwandishi mwenyewe atatafuta jingine, na mara nyingi atapata lililo bora zaidi. Nimeona hivyo kila Jumamosi.

(d) Insha ya marehemu akabidhiwe binti yake mkononi, bila kungoja tarehe iliyotajwa hapo juu na bila kungoja kikao. Kuhusu kuichapisha, mtaongea na familia.

Ikifika tarehe 17 Aprili bila jibu, tutapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kusikiliza masuala ya kunyimwa habari, na waandishi watatafuta ushauri wa kisheria kuhusu hakimiliki yao. Sitafurahia siku hiyo. Wito wenu wa 2024 ulikuwa mzuri, na baadhi ya watu wa kikundi chetu wasingeandika neno hata moja kama msingewaita.

Siku ya kurudisha, ukumbi utakuwa wazi kuanzia saa nane mchana. Naomba daftari la bluu liwekwe juu ya boksi, lisifunikwe na mengine, kwa sababu mwenyewe atakuja moja kwa moja kutoka sokoni na atataka kuondoka nalo kabla wadaiwa wake hawajafunga vibanda.

Wako mwaminifu,

Mwalimu mstaafu na mwongozaji wa kikundi cha uandishi, Manyatta
(jina langu na sahihi yangu mnazo katika barua tatu zilizotangulia)

Nakala kwa: waandishi wote 58 au warithi wao.